Diski Shingoni mwa Akoth

Mkiingia darasa la pili, msianze na neno haki. Hili ndilo la kwanza ninalotaka kuwaambia ninyi mnaoichukua kazi niliyoiacha, na ninaliweka mbele kwa sababu mimi nililijua kwa kuchelewa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uzamili, pamoja na tasnifu ambayo sura yake nzima ilikuwa fasili ya neno hilo moja. Nikasimama mbele ya watoto wa miaka saba na minane katika shule ya msingi iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Homa Bay, nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, nikauliza, "Haki ni nini?"

Wakatazamana. Kisha mtoto mmoja wa dawati la mbele, aliyekuwa amekalia mguu wake, akasema, "Ni ya kortini."

"Na kortini huenda nani?"

"Wezi."

"Kwa hiyo haki ni ya nani?"

"Ya wezi," darasa zima likajibu, kwa sauti ile ile waliyoimbia jedwali la kuzidisha.

Mwalimu wao, Madam Auma, alikuwa ameketi nyuma akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa, lakini niliyaona mabega yake yakitikisika.

Kesho yake aliniomba safari hii mimi nikae nyuma. Akatoa kamba ya kuruka, akawapa wasichana watatu, akawaambia wengine wote wakae kimya watazame. Haikuchukua muda. "Madam, hata sisi." "Madam, wamekaa nayo sana." "Yule ameshika mara mbili, na mimi hata moja." Mmoja alianza kulia. Madam Auma akanigeukia kwa utulivu, akaniambia, "Sasa njoo uandike lile neno lako. Wanalo."

Mradi ulioniajiri ulikuwa mdogo, wa kanisa, na ulinituma katika shule za Homa Bay na za Migori, darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Ilikuwa miaka ya tisini, na katika miaka hiyo neno haki lilinuka siasa. Nilipoingia katika chumba cha walimu mazungumzo yalikatika, kisha mmoja akasema, "Bwana Haki amefika, ficheni fimbo," wakacheka, nikacheka nao, kila mtu akarudia chai yake. Sikulaumu mtu. Walikuwa hawajui nimetumwa na nani hasa, na mwenye familia hazungumzi mbele ya asiyemjua. Lakini mkiona chumba cha walimu kimenyamaza kwa ajili yenu, kunyweni chai yenu yote. Ukiondoka na kikombe kimejaa, wanahisi una la kuficha.

Mimi ni mtu wa Taita. Kijaluo sikukijua, na Kikuria pia sikukijua, na nilikodi chumba kimoja mjini ambamo sauti zote za majirani zilinifikia na hakuna hata moja niliyoielewa. Jumamosi Waadventista walikwenda kanisani, Jumapili Wakatoliki wakaenda lao. Kanisa la nyumbani kwetu halikuwa na tawi karibu, kwa hiyo mimi nilibaki na siku mbili za kufua shati moja. Nawaambia haya kwa kuwa hakuna semina itakayowaambia. Mtafundisha kwamba binadamu wote ni wamoja, halafu mtakwenda kula peke yenu.

Tena nilikuwa nimefika huku nikiwa nimetikisika. Siku ya kuitetea tasnifu yangu, mtahini mmoja, mzee mpole, alifunga nakala yake akaniuliza kama nilikuwa nimewahi kumwona mtoto ambaye haki nilizozieleza zilimsaidia. Nilimjibu kwa nadharia. Alitikisa kichwa kukubali, akanipitisha. Nilitoka chumbani nikiwa nimepita, na kwa miaka mingi baadaye, kila nilipomaliza kipindi, nililala nikilipima upya kila neno nililolisema: hili lilikuwa wazi mno, lile halikuwa wazi vya kutosha. Tabia hiyo haijaniacha mpaka leo.

Turudi kwenye ufundi. Watoto wa darasa la nne na la tano wanapenda sheria. Wape karatasi waandike kanuni za darasa lao, na msishtuke. Wataandika: atakayechelewa achapwe, atakayecheka ovyo achapwe, atakayemcheka anayechapwa, naye achapwe. Mara ya kwanza nilizifuta, nikawaandikia zangu zilizo nzuri. Kosa. Kanuni zangu hazikumhusu mtu. Baadaye nilijifunza kuziacha zao ukutani wazitazame, tukauliza tu kila Ijumaa, "Ipi imewachosha?" Hawakukawia kuzifuta wenyewe, moja moja, kwa mabishano makubwa, na waliozitetea hadi mwisho walikuwa wale ambao hawakuwa wamekutwa na kosa.

Wakubwa ni kazi nyingine. Kwao kazi yako kubwa ni kunyamaza. Katika shule moja ya upili karibu na mji wa Migori nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeitwa Mwita, mwenyeji wa Isebania, ambako nchi hii inakoma na wanaobadilisha pesa wanasimama barabarani na vibunda vya noti mikononi, mjomba wake akiwa mmoja wao. Nilikuwa nimemaliza kueleza kwamba haki huzaliwa na mtu, haziombwi. Mwita akainua mkono.

"Mwalimu, nikiwa Isebania niko nazo. Nikivuka hapo Sirare, upande wa Tanzania, bado niko nazo?"

"Unazo."

"Na nani atanijua huko?"

Kabla sijajibu, mwenzake Ochieng akasema kutoka nyuma, "Si utazipeleka kwa mjomba wako abadilishe? Unampa haki ya Kenya, anakupa ya Tanzania, anakata yake kidogo."

Walicheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Nilitaka kusahihisha. Nilikuwa na jibu zuri, lenye vipengele. Nikajizuia, na kicheko kilipotulia Mwita akasema polepole, bila mzaha, kwamba mjomba wake aliwahi kulala rumande ng'ambo ile kwa kukosa karatasi, na hakuna aliyemuuliza kama alizaliwa na chochote. Kipindi kizima kilichobaki kilikuwa chao. Jibu langu lenye vipengele sikulitumia hata kidogo.

Lakini nilichokalia kiti hiki kuwasimulia ni habari ya Akoth, na shule ni ile ile ya Madam Auma.

Huenda ninyi hamkuivaa diski. Kilikuwa kipande cha ubao kipana kama kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kijaluo ndani ya uwanja wa shule alivishwa shingoni. Kiingereza na Kiswahili vilikuwa salama. Hakuweza kuivua mpaka amsikie mwenzake akiteleza, amvishe. Jioni, kwenye paredi, aliyekuwa nayo alimtaja aliyempa, huyo naye akamtaja aliyempa, hadi mlolongo ukafika kwa wa kwanza wa asubuhi, na wote wakachapwa, na aliyekuwa nayo akaenda nayo nyumbani aanze nayo kesho yake. Walimu hawakuhitaji kusikiliza chochote. Watoto walisikilizana.

Kwa darasa la saba nilikuwa na njia yangu ambayo bado naipendekeza. Kila kikundi kilichagua kanuni moja ya shule na kujibu maswali matatu: inamlinda nani, inamuumiza nani, na nani anaitekeleza. Sikuwaambia waipende wala waivunje. Kikundi cha Akoth kikachagua diski. Akoth alikuwa msichana mrefu, mwenye kusema kwa uchache, wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Swali la kwanza na la pili waliyajibu haraka. Kwenye la tatu mmoja akasema, "Hedimasta."

"Hedi yuko ofisini," mwingine akasema. "Mimi hajawahi kunishika."

"Ni kiranja."

"Kiranja alinishika mara moja tu."

Akoth alikuwa ameinamia karatasi. "Ni sisi," akasema, akaandika hivyo, kengele ikalia.

Wiki iliyofuata diski ilimfikia. Siku ile ya kwanza alitaja aliyempa, kama ilivyokuwa kawaida, akachapwa pamoja na mlolongo mzima. Asubuhi iliyofuata alikuja nayo shingoni, na hakuitoa tena. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji wenzake walipomzunguka.

"Akoth, hebu toa hiyo kitu. Mimi nitasema Kijaluo hapa mbele yako, unishike, tumalize."

"Sema."

Yule msichana akasema, sentensi ndefu nzima, karibu kabisa na sikio lake.

"Sijasikia," Akoth akajibu.

"Umesikia, wewe."

"Masikio yangu yameenda kisiwani Remba kuona mama. Yakirudi nitakwambia."

Wakacheka, na mwingine akasogea akasema lake, na mwingine, na muda mfupi baadaye darasa zima la saba lilikuwa likizungumza Kijaluo mbele ya aliyevaa diski, kwa woga kwanza, halafu bila woga. Jioni kwenye paredi aliulizwa, "Umemsikia nani?" Akasema hakuna. Mlolongo ukaanza kwake na kuishia kwake. Alichapwa peke yake. Kesho yake hivyo hivyo, na siku iliyoifuata.

Hedimasta, Bwana Ochola, aliniita ofisini. Msimfanye kuwa mtu mbaya mnaposimulia habari hii kwingine. Alikuwa mtu nadhifu, aliyefika kabla ya wote, na aliyejua jina la kila mtoto na la mzazi wake.

"Keti, mwalimu. Wewe umesoma kunishinda, kwa hivyo utanisaidia. Mtihani wa taifa utakuja kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Mtoto wa Nairobi anasema Kiingereza na mamake akinywa uji. Huyu wangu anakipata hapa tu, kutoka asubuhi mpaka jioni. Nikimwacha, ukimaliza mradi wako utaenda, na mimi nitabaki na watoto wenye haki zote na bila shule ya upili. Nitawapeleka wapi?"

Hoja yake ilikuwa nzito. Hata sasa ni nzito.

"Ni wewe umemfundisha Akoth kufanya hivyo?"

Mtakutana na swali hili, kwa hiyo nitawaeleza kilichopita kichwani mwangu kabla sijafungua mdomo. Nikisema ndiyo, mimi ni mchochezi, mradi unafungwa, na jambo la Akoth linakuwa langu, mtoto aliyetumwa. Nikisema hapana, nimemwacha peke yake mbele ya fimbo. Bwana Ochola alikohoa. Nikasema, "Nilimfundisha kuuliza. Hili la kukaa nayo ni lake."

"Basi nalo lake ataliamua nyumbani. Aende amlete mzazi. Bila mzazi asirudi."

Nilidhani hiyo ilikuwa adhabu nyepesi, tena afueni, kwa kuwa hangechapwa. Ni Madam Auma aliyenieleza, tukiwa tumesimama kwenye ukumbi, na sikuwahi kumwona akiwa na hofu kabla ya siku hiyo. Akoth aliishi na nyanya yake. Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, alikonunua na kuanika, akirudi sokoni Homa Bay kila mzigo ulipokamilika.

"Msichana akienda Remba kumtafuta mama, hawarudi wawili; hurudi mama peke yake," akasema. "Anafika, anakuta omena imetandazwa na mvua inakuja, anashika ufagio kusaidia kuikusanya. Kesho yake vilevile. Wako huko ambao nimewafundisha kusoma."

"Nyanya yake anasemaje?"

"Anasema hedimasta ametaka mzazi, kwa hivyo mtoto aende na boti ya kwanza. Nimemwomba angoje. Hatangoja sana, ni mzee anayeheshimu shule."

Basi tukatuma neno kwa wanawake wa omena, na kila jioni nilikwenda sokoni kuuliza kama mama Akoth, min Akoth kwa Kijaluo, amefika. Madam Auma alikuwa amenifundisha namna ya kuuliza kwa Kijaluo, na lazima nilikuwa nikiuliza vibaya, maana wanawake waliacha kupima ili wanisikilize vizuri.

"Japuonj," mmoja aliniambia kwa Kiswahili, akiniita mwalimu kwa lugha yake, "wewe kila siku min Akoth, min Akoth. Unatafuta bibi ama omena?"

"Natafuta mzazi wa mwanafunzi."

"Hiyo ndiyo wanasemaga wote," akasema mwenzake, na soko lote la upande ule likafurahi. Lakini ujumbe walikuwa wameufikisha, wote, kwa kila boti.

Mama Akoth alifika asubuhi moja, akitoka ufukoni moja kwa moja, magamba ya omena yamekauka kwenye pindo la leso yake. Tuliketi ofisini: Bwana Ochola, mama, Akoth akiwa amesimama na diski shingoni, Madam Auma wa kunitafsiria, na mimi karibu na mlango. Mama hakumsalimu binti yake. Alianza kwa kumkaripia, na Madam Auma akaninong'oneza: anamuuliza kwa nini hataki Kiingereza, na yeye anabeba magunia kwa ajili ya Kiingereza hicho.

Akoth akajibu chini chini. Bwana Ochola, ambaye alikuwa mtu mkweli, akaingilia mwenyewe na kumwambia mama kwamba mtoto huyu ndiye wa kwanza darasani kwa Kiingereza.

Mama akamtazama binti yake. Halafu akauliza kile kibao ni cha nini. Bwana Ochola akamweleza kwa utaratibu, jinsi kinavyotolewa, jinsi kinavyohama, na paredi ya jioni. Mama alisikiliza akiwa amekunja uso, kama anayekagua mzigo wa mtu mwingine. Akauliza jambo fupi. Madam Auma alisita kabla ya kunitafsiria.

"Anauliza, walimu huwa wapi wakati huo."

"Kazini," alijibu Bwana Ochola, kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

Mama akasimama, akaishika diski kwa vidole viwili bila kuivua, akaigeuza upande wa pili, akaiachilia. Aliyoyasema hapo hakuyasema kwa ukali, na Madam Auma alinipa neno kwa neno: "Nilimleta ajue Kiingereza, na amekijua. Sikumleta awe askari wa watoto wa majirani zangu. Sisi huko Remba tunalala mlango kwa mlango. Mtu akianza kutaja wenzake, hakuna anayelala."

Bwana Ochola alizipanga kalamu zake mezani. Alizipanga tena. Nilijua, nadhani wote tulijua, kwamba mtu aliyeketi pale hangeweza kusema kanuni yake imekoma mbele ya mzazi, mtoto na mgeni wa mradi. Mwishowe akamwambia Akoth, kwa Kiingereza safi cha polepole, arudi darasani.

"Na diski?" akauliza Madam Auma.

"Kama yeye hajamsikia mtu, mimi nitamvua nimvishe nani? Akae nayo."

Ndivyo diski ilivyokwisha katika shule ile. Haikufutwa. Ilikaa shingoni mwa mtoto mmoja ambaye hakumsikia mtu, na jioni ile Bwana Ochola aliiongoza paredi, akasoma matangazo, akaomba dua, akawaruhusu waende. Hakuuliza. Wala hakuuliza tena. Akoth aliivaa mpaka kamba ikachakaa, kisha nikamwona hana. Kwenye ripoti yangu kwa mradi niliandika kwamba vikundi vya darasa la saba vilishiriki vizuri. Wakubwa zangu waliniandikia kwamba mafanikio hayakuelezwa kwa kina. Waacheni walalamike. Mtoto akifanya jambo kwa mgongo wake mwenyewe, msiliweke kwenye safu ya matokeo yenu.

Sasa niwaambie sehemu ambayo siipendi.

Kwa muda wote niliokuwa pale, wakati wa mapumziko, watoto walikuwa wakija kukaa nami. Niliketi kwenye benchi nje ya darasa la saba, nao wakaja kwa makundi, wakaniuliza habari za Taita, kama kwetu kuna tembo kweli, kama mkate ni bei gani huko. Katika wiki zangu zilizokuwa kimya, saa ile ilikuwa ndiyo chakula changu. Niliamini wananipenda, na pengine baadhi walinipenda. Baada ya siku ile ya ofisini wakaacha kuja. Si kwa ubaya. Walinipungia mkono wakipita. Ilinichukua muda kuelewa, mimi ninayefikiri mpaka usingizi unanikimbia, jambo ambalo mtoto yeyote wa darasa la kwanza angelinieleza: mimi sikujua Kijaluo, kwa hiyo mbele yangu walilazimika kusema Kiswahili, na anayesema Kiswahili hakamatwi. Benchi langu lilikuwa mahali salama pa kufungua mdomo. Sasa uwanja wote ulikuwa salama.

Na uwanja ulikuwa na kelele ambazo sikuwahi kuzisikia pale. Zamani mapumziko yalikuwa ya minong'ono, sentensi fupi za kuchagua maneno. Sasa walipiga domo, walikatizana, walitaniana kwa sauti kutoka pembe moja hadi nyingine, na sikuelewa hata neno. Hivi ndivyo kazi yenu itakavyokuwa ikifanikiwa, na ni heri mjue mapema, msije mkakaa mkingoja kushukuriwa. Watu hawatakuwa na haja nanyi, na watakuwa na furaha.

Siku moja Akoth alipita mbele yangu akitoka kwenye kundi lililokuwa likicheka karibu na tangi. Nikamwita.

"Mnacheka nini pale?"

"Tunakusema wewe, mwalimu."

"Mnasema nini?"

Alifikiri. Alikuwa mtoto asiyesema uongo ovyo. "Vizuri tu," akasema, akakimbia kurudi.

Alipofika aliwaambia jambo, wote wakageuka kunitazama, wakaangua kicheko upya. Nami nikacheka, kidogo, nikiwa pale kwenye benchi, ili wasije wakadhani sikuelewa.